Ubao wa Dari, Rangi ya Baiskeli

Baba yangu alikuwa fundi wa dari, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba bodi moja ya hadibodi hutoa vipande vinane. Upana wake futi nne, urefu futi nane. Ukikata miraba ya futi mbili kwa mbili, hakibaki kitu ila vumbi chini ya msumeno. Karakana yake ilikuwa Keko, katikati ya mafundi wa makabati na vitanda, na kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya pili ya kamba ya kupigia mstari. Nikiilegeza, mstari unapinda. Mstari ukipinda, kipande kinaharibika, na kipande kilichoharibika kilikuwa changu. Nakiri kwamba mara nyingine niliilegeza makusudi.

Watu wakiniuliza nilianzaje kuchora, hungoja nitaje shule au mwalimu. Nilianzia kwenye vipande hivyo vilivyokosewa. Upande mmoja wa hadibodi ni laini na unateleza. Wa pili una alama kama za wavu, nazo ni chapa ya chujio linalowekwa chini ya rojo la nyuzi za miti linapokandamizwa kwa joto kiwandani. Aliyeibuni njia hiyo ni Mmarekani, William Mason, huko Laurel, Mississippi, mwaka 1924. Alikuwa akitafuta matumizi ya taka zilizotupwa na viwanda vya mbao. Niliposoma habari hiyo, nikiwa mtu mzima tayari, nilicheka peke yangu. Kumbe hata ubao ninaobandikia taka nao ni taka.

Maana picha zangu ni matabaka. Chini kabisa hadibodi. Juu yake rangi ya mafuta, ile ya kopo. Juu ya rangi, vipande vya khanga vilivyochakaa, karatasi za sabuni, tiketi za daladala, vifungo, mara chache uzi wa katani. Wenye kumbi za maonyesho huandika chini ya jina langu "vifaa mchanganyiko". Mama yangu aliziita viraka, na mpaka leo naona jina la mama ndilo lililokaa vizuri.

Nimezaliwa mwaka 1968, mwaka ambao Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa Tunduru, kusini kabisa. Aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuja mjini na kuishi kwa vibarua vya hapa na pale. Alichora kwa miaka minne tu. Mkewe, Agatha Mataka, alikuwa akiziuza picha nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni waliokaa upande ule walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia, akafa akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Tangu hapo jina lake limekuwa kubwa kuliko yeye: mtu akisema "nimenunua Tingatinga", hana habari kwamba Tingatinga alikuwa mtu.

Walioandika juu yake wameandika sana kuhusu wanyama: chui, tembo, ndege wenye mikia mirefu. Mimi binti wa fundi dari naanza na vipimo. Picha zake nyingi ni za mraba, sentimita sitini kwa sitini hivi. Futi mbili kwa mbili! Yaani yule chui aliyegeuza uso kukutazama, mkia ukakunjwa juu ya mgongo ili upate kuenea, amekunjwa hivyo kwa sababu amekaa ndani ya kipande kimoja kati ya vinane vya bodi. Twiga wake huinamisha shingo kwa sababu hiyohiyo. Nimewahi kusikia msomi mmoja akieleza kwa saa nzima kuhusu mnyama kujaza picha na maana yake katika fikra za watu wa kusini. Labda. Lakini mwenye fedha ya bodi moja hataki kipande kipotee, na msumeno ulikuwa umekwisha kumchagulia umbo la picha kabla hajashika brashi.

Rangi nayo ilikuwa na amri zake. Hakukuwa na duka la rangi za wachoraji ambalo mtu wa kipato chake angeingia. Kulikuwa na vikopo vya rangi ya kung'aa, ile ambayo watu walipakia baiskeli zao ili zionekane mpya. Rangi hiyo haibembelezwi. Rangi za mafuta za wachoraji wa Ulaya hukaa mbichi siku nyingi, ukaweza kuchanganya shavu na kivuli chake polepole. Hii ya baiskeli, ikishaanza kushika, brashi huacha kovu. Kwa hiyo unaweka rangi moja bapa ubao mzima, unaacha ikauke, kesho unaweka mnyama juu yake, unaacha akauke, kesho kutwa unaweka madoa. Doa juu ya mwili mkavu, kila moja kwa mguso mmoja. Ile sura ya Tingatinga inayotambulika ng'ambo ya barabara, rangi kali zisizoingiliana na madoa yaliyopangwa kama shanga, kwa sehemu kubwa ni tabia ya kopo.

Baada ya kifo chake waliendelea vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu na watu wa kwao: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde. Walichora kama mafundi wanavyofanya kazi, anayejua anamwonyesha asiyejua, na anayejifunza ananakili mpaka mkono uzoee. Mwaka 1990 kikundi kikawa ushirika uliosajiliwa. Nairobi, kule Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1965, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikuwa akihubiri kinyume: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Nimeziheshimu pande zote mbili na sijawahi kuzipatanisha. Baba hakubuni dari mpya hata moja maishani mwake, na hakuna aliyemwambia si fundi.

Mimi nilitoka kwenye njia ya Tingatinga kwa njaa, si kwa mawazo. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na tano. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, fedha za kigeni hazikuwapo, madukani rafu tupu, na mwaka huo ndio wa msako wa wahujumu uchumi. Mtu aliyekuwa na katoni tatu za sabuni ndani aliogopa kugongewa mlango. Baba hakuwa na dari ya kupiga kwa sababu hapakuwa na bodi, na penye bodi hapakuwa na misumari. Rangi ilipatikana kwa kupimiwa: mtu amefungua kopo la zamani, limeota ngozi juu, anakumiminia kwenye chupa ya soda huku akitazama barabarani. Niliizimua kwa mafuta ya taa ili iongezeke. Ikaongezeka kweli, lakini ikakauka bila kung'aa, na baada ya mwezi ikapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Picha iliyopasuka ilikuwa ya mwanamke kwenye foleni ya unga. Ufa ulipita katikati ya nguo yake. Sikuwa na rangi ya kuuziba. Mama alikuwa na khanga iliyokwisha kazi, amekwisha kuichana kwa ajili ya nepi za mdogo wangu, nami nikaiba kipande cha pindo nikakibandika juu ya ufa kwa uji wa muhogo uliopoa. Ilipendeza kuliko nilivyotegemea. Usiku wa tatu mende wakaila, wakaanza na nguo wakamalizia na sehemu ya bega, kwa kuwa uji ni chakula. Toka siku ile gundi yangu ni ya mbao, ile nyeupe ya maseremala, na kabla ya kubandika chochote nasugua rangi kwa msasa mpaka mng'ao upotee, maana juu ya rangi inayong'aa gundi hushika kwa wiki mbili tu halafu kitambaa hubanduka chenyewe kama kigaga.

Enzi ya ruksa ilipofika, baada ya 1985, vikopo vya rangi vikarudi dukani vya kila aina. Ningeweza kuacha viraka. Sikuacha.

Sababu mojawapo ilikuwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa mjini, kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Nilikwenda pale mwishoni mwa miaka ya themanini nikakutana na kazi za George Lilanga. Nasema kazi, kwa sababu mwenyewe sikumkuta. Lilanga alikuwa Mmakonde, mchongaji kwa malezi, na alianza pale kama mlinzi wa usiku. Kisha akagusa kila kitu kilichokuwamo ndani ya jengo: batiki, ngozi za mbuzi, chapa za sahani za chuma, hadibodi. Mashetani wake wenye masikio makubwa, matumbo mbele na vidole viwili vitatu vya miguu, walihama kutoka kwenye mti kwenda kwenye ngozi, kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye ubao, wala hawakupotewa na sura. Lakini kilichonikamata mkono ni vinyago vyake vilivyopakwa rangi. Wakati ule kinyago cha Kimakonde kilitakiwa kiwe cha mpingo, cheusi, kimesuguliwa kikang'aa. Mnunuzi hakutaka kingine. Yeye alichonga mti mwepesi akaupaka rangi ya kopo, nyekundu, samawati, njano, kama baiskeli. Wengine wakaona amedhalilisha mti. Mimi nikarudi nyumbani usiku huohuo nikatoboa hadibodi kwa misumari na kushonea vifungo vya shati la baba. Lilanga alifariki mwaka 2005, na kuna vinyago vyake ambavyo hadi leo rangi haijapauka.

Hadibodi ina adui mmoja, na hapa pwani hatuwezi kumkimbia: unyevu. Masika yakija inavuta maji kwenye kingo na kuvimba, pembe zinafumuka kama kitabu. Adui wa pili ni sanduku la msafiri. Mgeni aliyepanda ndege hataki ubao; anataka kitu cha kukunja kikaingia kwenye begi. Kwa sababu hiyo wachoraji wa Tingatinga wengi wamehamia kwenye kitambaa, pamba nzito iliyovutwa kwenye fremu, wakauza picha zinazokunjika. Ndege imebadilisha sanaa yetu kuliko mkosoaji yeyote.

Mama alipoona kitambaa hicho mara ya kwanza mikononi mwangu, alikipapasa, akakinusa, akasema, "Marekani hii." Hakuwa na maana ya nchi. Kwa watu wa rika lake marekani ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, cha kushonea shuka, magodoro na sanda. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi.

Limetoka Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa nchi hiyo akakaa Unguja. Meli za Salem zilileta vitambaa vya viwanda vya New England, imara na vya bei nafuu, navyo vikapanda bara na misafara mpaka kwenye maziwa makuu. Kitambaa kikawa fedha: mpagazi alilipwa kwa mikono na doti za marekani, hongo ya kupita nchi ya mtu ililipwa kwa marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861 pamba ikakatika, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikajaza pengo, lakini jina lilikuwa limekwisha kushika. Mpaka leo khanga mbili tunaziita doti, wala hatukumbuki kwamba tunahesabu kwa kipimo cha wapagazi.

Na meli zile hazikurudi tupu. Zilipakia pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi. Hapa nitachelewa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu sandarusi ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi. Mti unakufa, unaoza, unatoweka. Utomvu wake unabaki ardhini ukiwa mgumu, rangi ya asali, na ngozi yake huwa na vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Katika karne ya 19 watu wa Mrima waliuchimba kwenye mchanga mwekundu nyuma ya pwani, hasa baada ya mvua kulainisha ardhi, wakauza kwa wafanyabiashara wa mijini, ukavushwa Unguja. Ule ambao haukukaa ardhini vya kutosha, laini bado, uliitwa chakazi. Wazungu wakalisikia neno hilo wakalitamka walivyoweza, na katika vitabu vyao vya biashara likageuka kuwa "jackass", yaani sandarusi ya punda. Chakazi ilipelekwa Bombay na China. Iliyokomaa ilikwenda Salem, ambako palikuwa na kiwanda cha kuisafisha, kuiosha ukoko, na kuiuza kwa watengenezaji wa vanishi. Ilikuwa miongoni mwa resini ngumu zilizosifiwa kuliko zote duniani kwa kazi hiyo. Ilipakwa kwenye magari ya farasi na samani za watu wenye nafasi.

Na rangi ya kung'aa, ile ya kopo, asili yake ni nini? Ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya vanishi. Siku hizi resini zinatengenezwa kiwandani na hakuna anayechimba kitu, lakini zile za mwanzo zilitegemea resini za ardhini, na ya kwetu ilikuwa mojawapo. Niliposoma hayo nilitoka nje nikakaa kibarazani na kopo la rangi nyekundu miguuni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kisarawe. Alizoea kutupa sandarusi kidogo kwenye chetezo, zilizobaki sijui tangu lini, na chumba kizima kikanukia. Nilijua harufu ile miaka mingi kabla sijajua kwamba ndiyo mali iliyokuwa ikivuka bahari na kurudi na kitambaa.

Kisha nikachora kitu. Ni ubao mmoja tu, sikuuza. Tabaka la chini rangi ya kopo, la pili marekani iliyochanwachanwa nyuzi, la tatu chembe za sandarusi nilizozipata kwa muuza dawa za asili Kariakoo, nikaziyeyusha kwa moto mdogo kwenye kopo la maziwa. Nusura niunguze jiko. Utomvu uliozikwa karne nyingi hauyeyuki kirahisi, na moshi wake unashika mapazia. Sehemu kubwa iliungua ikawa nyeusi. Kilichobaki nilikipaka kwenye kona ya juu kulia, kipande cha kiganja hivi, na mpaka sasa kona ile inang'aa kwa namna ambayo kopo halijaiweza.

Viraka navyo nimevitafutia ukoo. Khanga yenyewe ilianza kama viraka. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, jina ambalo chimbuko lake ni Kireno, za mraba na zilizochapishwa, wakashona sita pamoja, tatu juu tatu chini, wakapata vazi. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza vitambaa vilivyochapwa kwa ukubwa huo tayari. Majina ya khanga yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa hapa Dar kwa msaada wa China, na khanga nyingi nilizozichana zimetoka pale. Jina silikati. Nabandika pindo, nabandika mji, lakini maneno nayaacha kwenye kitambaa na kukirudisha kwa mwenyewe, kwa sababu jina la khanga ni kauli ya mtu aliyeivaa kwa mtu fulani, na mimi si mmoja wao.

Kwa viraka vya karatasi, ukoo wangu ni Rosemary Karuga, wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928. Alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa pale, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Uzeeni akarudi kwenye sanaa na hakuwa na fedha ya rangi. Akachukua pakiti za sabuni ya Rexona na za unga, akazichana vipande vidogo kama kucha na kuvibandika: kuku, wanawake na mizigo, shamba. Ukiwa mbali unaona rangi imepakwa. Ukikaribia unaona herufi nusu, ukingo wa chapa, kijani ya pakiti iliyokuwa jikoni kwa mtu. Alifariki mwaka 2021. Ningependa kumwuliza kama Nairobi nako mende walikuwa na tamaa.

Ukumbi mmoja, sitautaja, uliwahi kunirudishia picha wakisema karatasi ya sabuni inashusha hadhi ya kazi, niitoe wataichukua. Nilijaribu. Ilichukua na rangi ya chini, ikaacha hadibodi wazi kama kidonda. Nikawapelekea hivyohivyo, hawakuitaka.

Juzi nilikwenda Gerezani kununua bodi. Kijana wa dukani ananijua kwa sura, ila hajaacha kuniuliza, "Mama, dari ya chumba gani tena?"

"Ya sebuleni, mwanangu."

Akacheka. Akaniambia hadibodi hawaagizi tena, watu wanaweka jipsamu. Jipsamu naijua: ukiipigilia msumari inamegeka, ukiilowesha inalainika na kumomonyoka. Akaingia stoo, akasogeza mabati na ndoo, akatoka na bodi moja iliyokuwa imeegemea ukutani upande linapovuja paa. Pembe moja ilikuwa imevimba na kufumuka. Akanikatia vipande vinane, akahesabu saba kwenye risiti, na kile chenye pembe iliyovimba akakiweka juu ya mzigo bila kukiandika. Nimeanza na hicho. Pembe sikuisugua, nimeshaona itakuwa kilima, na khanga ya kijani itakayokaa pale ipo, isipokuwa mwenyewe bado anaivaa.